Kivuli cha Ukubwa wa Tende

Mwanangu Raya,

Salamu tumeshapeana leo mara tatu, na ya nne nitakupa ukirudi, kwa hiyo hapa sitazirudia. Wewe na shangazi yako mmekwenda Wambaa kumuaga bibi yako na kupita kaburini kwa mama yako. Dereva amesema mtarejea kabla ya isha. Nina kama saa mbili, na mwandiko wangu unaujua, unakwenda upande kama kaa. Bora nianze.

Mambo ya soksi, dawa ya mafua na namna ya kuvaa makoti mawili kwa pamoja sitayagusa. Hayo anayo shangazi yako, ambaye hajapata kuona baridi kali kuliko ya kipupwe lakini anaieleza kama aliyezaliwa ndani yake. Jana nimemkuta anakutilia pweza mkavu katikati ya vitabu. Nikamwambia, "Bi Siti, mtoto anakwenda kusoma mambo ya nyota, haendi dago kupiga kambi na wavuvi." Akanijibu bila kugeuka, "Kwani wasomao nyota hawali?" Pweza yumo, utamkuta chini ya kamusi.

Mimi nina jambo moja tu, na ni la zamani.

Unakumbuka siku ile, kiasi cha wiki tatu nyuma, uliponiita mezani unioneshe kazi yako? Ulinivutia kiti, ukanigeuzia kompyuta, ukaanza kunieleza kama unamweleza mwanafunzi, polepole, ukiogopa nisije nikapotea. Ukasema galaksi ile iko mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla hapajawa na mtu duniani. Katikati yake mna shimo jeusi, na gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa inapata moto mpaka inatoa eksirei, na kitovu hicho kidogo kinang'ara kupita nyota zote za galaksi nzima. Ukasema eksirei zake hazifiki huku chini kwa sababu hewa inazizuia, ndiyo maana chombo cha kuzipokea kimepelekwa juu, nje ya hewa. "Sisi tunazipanga tu, Baba. Hafifu huku, kali kule, halafu tunahesabu za kila aina zimekuja ngapi. Mchoro huu ndio spektra."

Nikautazama mchoro. Ulikuwa unateremka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, lakini mwanzo wake, upande wa zile hafifu, ulikuwa umezama kama umekatwa. Nikasema, "Hapa mbele yake pamesimama kitu. Hafifu zimezuiwa, kali zimepita."

Ukanigeukia. "Baba, haya umeyasoma wapi?"

"Chumba cha giza," nikakujibu.

Ulicheka mpaka ukapiga meza, kisha ukanikumbatia shingo. Ukasema ni wingu la gesi, na kwamba kuna watu walikaa darasani miezi kabla ya kuliona hilo. Raya, mimi si mtu wa kusifiwa mara kwa mara. Siku ile nilijihisi nina kimo.

Ukaniendeleza. Ukanionesha kilima kimoja katikati ya mteremko, ukasema hicho ni chuma, kwamba chuma kikipigwa na eksirei hujibu kwa namna yake ileile, kiwe jikoni kwetu au kwenye galaksi ya mbali, na ndiyo mnavyokitambua. Halafu nikauliza kile kingine, kile kidogo pembeni yake, kama uvimbe wa kuumwa na mbu. Ukakunja uso.

"Hicho hakitakiwi. Mwalimu wangu kasema huenda ni kasoro ya chombo. Nitaikata tu sehemu hii, inanichafulia mchoro. Nikipeleka hivi watanicheka."

Nikainuka. Nikasema mgongo unaniuma, nikaenda kulala. Mgongo haukuwa unauma.

Sikusoma sana, hilo unalijua. Niliacha skuli kidato cha pili, nikaajiriwa hospitali kufagia, na kutoka kwenye ufagio nikapelekwa chumba cha kuoshea picha kwa sababu aliyekuwapo alistaafu na hakuna mwingine aliyekubali harufu yake. Marehemu Hamad, aliyekuwa akipiga picha kwenye mashine, ndiye aliyenifundisha. Yeye anapiga, ananiletea kasha lenye filamu. Mimi nafunga mlango, nabakisha taa nyekundu peke yake, naitoa filamu, naibana kwenye fremu na kuizamisha ndani ya dawa ya kwanza, kisha dawa ya pili, kisha maji, kisha naianika kama nguo. Ukisikia ni rahisi. Kazi yote imo katika dawa ya kwanza. Ukiiwahi filamu inatoka changa, ina mawingumawingu. Ukiichelewesha inakuwa nyeusi kama chini ya sufuria.

Saa ya ukutani ilikufa mwaka wangu wa kwanza. Tuliomba nyingine, na kila tukiuliza tukaambiwa inakuja. Hamad akaniambia, "Kwani weye hujui Alhamdu?"

"Naijua."

"Basi saa unayo. Isome kama unasali, usiisome kama una njaa. Kiangazi dawa ina moto, soma saba. Kipupwe soma tisa. Ukimaliza toa."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka ishirini na mbili. Hamad mwenyewe alikuwa akipita mlangoni ananitania, "Khamis, huko ndani unaziosha au unazisomea hitima?" Lakini hakuna picha yangu iliyorudishwa kwa ubaya, hata moja, na kwa hilo nilijivuna kupita kiasi. Mtu asiye na cheti hushika alichonacho. Mimi nilishika hilo.

Jioni nikirudi nyumbani mikono inanuka siki. Mama yako alikuwa akinipokea na kanga puani. "Kaja Bwana Achari! Raya, mletee babaako ndimu na pilipili tumtie chupani!" Na wewe ulikuwa unakuja mbio kuninusa vidole, unasema harufu nzuri. Sijui kama unakumbuka. Mimi katika vitu vyote vya nyumba hii, hicho ndicho ninachokitoa na kukitazama mara kwa mara.

Ulikuwa darasa la saba mama yako alipoanza kukohoa. Tulidhani ni vumbi la karafuu, maana ulikuwa msimu na alikuwa akianua na kuanika kutwa. Wiki ya tano nikamwambia aje kazini, Daktari akaandika apigwe picha ya kifua. Alivaa baibui jipya. Nikamuuliza unakwenda harusini? Akasema, "Mke wa fundi siwezi kuja kama nimetoka jikoni." Fundi. Aliniita hivyo mbele ya watu.

Hamad akampiga picha, akaniletea kasha. Nikafunga mlango, nikazamisha, nikaanza kusoma. Ilikuwa kiangazi, kwa hiyo saba. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati ya ya nne nikamsikia anakohoa nje ya mlango. Kikohozi kile nililala nacho kila siku, lakini mle gizani, bila kumuona, nilikisikia kama cha mtu mwingine, mtu mgonjwa. Nikafika amin na sikujua nimemaliza ya nne, au ya tano, au ya sita. Miaka yote ile haikuwahi kunitokea. Nikasoma moja nyingine, mbio, nikaitoa.

Ilipokwisha dawa ya pili niliitazama kwenye taa. Mbavu zimekaa vizuri, moyo umekaa vizuri. Juu upande wa kulia, karibu na bega, palikuwa na kivuli cheupe cha ukubwa wa tende.

Sasa nataka ulijue kosa lenyewe lilivyokuwa, kwa sababu hata mimi nimelisimulia moyoni kwa njia nyingi zenye kunipendeza. Nimejiambia niliogopa. Sikuogopa, Raya. Ningeogopa ningekuwa mume mwema. Mimi niliona haya. Niliamini kivuli kile ni changu, kimetokana na Alhamdu niliyoipoteza, kwamba filamu imetoka changa na ina wingu. Nikaona nitampelekea Daktari picha mbovu, ya kwanza katika kazi yangu, na ya mke wangu mwenyewe aliyevaa baibui jipya. Kazi yangu haikuwa kuamua. Kazi yangu ilikuwa kuiosha na kuipeleka kama ilivyo, na kama nina shaka nayo, niseme nina shaka. Badala yake nikaitia bahasha kuukuu nyuma ya madumu ya dawa, nikamfungulia Hamad mlango.

"Imeharibika. Mpige nyingine."

Hamad akacheka. "Leo mkeo kakupoteza hesabu! Haya, Bi Mize, rudi ubaoni."

Mama yako akasema, "Kwani ya kwanza nilifumba macho?" Wote tukacheka. Lakini alikuwa amechoka, amesimama muda mrefu, na safari ile mabega yake hayakukaa kama mwanzo. Mfupa wa bega ulilala palepale penye kivuli. Hilo nalijua leo. Siku ile niliosha picha ya pili kwa Alhamdu saba kamili, nikaitoa safi, nikafurahi. Nilifurahi, mwanangu. Nikasema moyoni, umeona, ilikuwa ni wewe tu.

Daktari akaitazama kwenye dirisha. "Kifua hakina kitu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuliza, akauliza, "Ndiyo picha pekee hii?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Daktari."

Tukapewa dawa ya kikohozi. Baada ya miezi minane tulipompeleka Unguja, wakampiga nyingine, na mahali palepale, karibu na bega la kulia, pakawa na kitu cha ukubwa wa ngumi. Yaliyobaki unayajua, ulikuwapo.

Ile picha ya kwanza ninayo. Imo katika bahasha hii pamoja na barua. Nimeihamisha sanduku hadi sanduku kwa miaka kumi na mitatu. Sikwambii kwamba kuijua mapema kungemponya. Sijui. Nilipata kumuuliza daktari mmoja kijana, nikijifanya nauliza habari za jirani, akasema huenda, na huenda isingekuwa. Nimelala na hiyo huenda mpaka nimezeeka.

Lakini Raya, kuna ubaya uliozidi huo, nao ni wa kila siku. Siku ya arobaini ulikaa na shangazi yako ndani, ukalia, ukasema kwa sauti, "Daktari yule angetazama vizuri!" Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kahawa. Nilisikia. Nikaenda kuwamiminia wageni. Ukakua na neno hilo. Ukafika chuo nalo. Ulipochagua kusoma mambo ya eksirei uliniambia unataka kuwa mtu anayetazama vizuri, na nilijua unamsema nani, nikakuombea dua na sikusema kitu. Idi iliyopita ulipishana naye pale Madungu karibu na duka la vitambaa, mzee yule mwenye fimbo, ukampita bila shikamoo. Shangazi yako akakuvuta mkono, "We mtoto, umemuona Daktari?" Ukasema, "Simjui." Alisikia. Nilimuona anairekebisha kofia yake ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hapa kwetu mtu akinyimwa shikamoo na mtoto wa mtu, watu wanauliza alifanya nini. Na yeye hakufanya kitu. Alitazama alichopewa.

Ulipoukunja uso kwa kile kilima kidogo, ukasema utakikata usije ukachekwa, nilijiona mimi mlemle gizani na bahasha mkononi. Ndipo nilipojua kwamba siwezi kukuacha upande ndege.

Alhamisi baada ya sala ya asubuhi nilikwenda kwa Daktari. Mkewe akanikaribisha, akanipa chai. Nikamueleza yote kama nilivyokuandikia, ila maneno yalikuwa hayakai sawa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Picha iko wapi?"

Nikampa. Aliinuka kwa fimbo yake mpaka dirishani, akainyanyua. Aliitazama kwa muda ambao mimi, kwa mazoea, niliupima. Alhamdu tano.

Akasema, "Ningekiona."

Nikasema, "Najua, Daktari."

"Sikwambii ningemponya. Lakini ningekiona, Khamis. Miaka yote hii najiuliza siku ile macho yangu nilikuwa nimeyaweka wapi. Nimeliomba faili mara mbili niitazame upya ile picha ya pili. Nilidhani nimeanza kuzeeka mapema."

Nilimuomba radhi. Akanirudishia filamu, akakaa, akaitazama sakafu. "Nenda nyumbani. Leo sina la kukwambia." Nilipofika mlangoni akaniita. "Mtoto anajua?"

"Bado."

"Mwambie. Asiondoke na uongo huo."

Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza tena. Hilo ni lake.

Juu ya kazi yako siwezi kukufundisha. Sijui kama kile kilima kidogo ni chuma, au gesi nyingine, au ni kasoro ya chombo kama alivyosema mwalimu wako. Kasoro zipo, nimeziosha kwa mikono hii, na huenda mwalimu wako yuko sawa kabisa. Mimi sikukosea kwa kushuku kwamba ni kasoro. Nilikosea kwa kuificha shaka yangu kabla hajaiona mwenye macho. Kama utakikata, kikate, lakini uandike kwamba kilikuwapo, na pahali pake, na kwamba wewe ndiye uliyekikata. Wakicheka, waache wacheke. Mama yako alinicheka kila jioni na nilikuwa mtu mwenye furaha.

Nilipoanza kuandika niliazimia kuitia barua hii ndani ya begi lako, chini ya lile koti zito, uikute huko mbali, siku ya kwanza ya baridi. Nilishalifungua begi. Nimemuona pweza, nimeona kanga ya mama yako uliyoikunja kwenye kona, nikalifunga tena. Nimetambua kwamba nilikuwa natafuta pengine pa kuficha bahasha, kama nyuma ya yale madumu. Huko ungekuwa peke yako na picha hii, na mimi nikiwa huku salama, nangoja simu.

Kwa hiyo naiweka juu ya meza, pembeni ya kompyuta yako, mahali usipoweza kuipita. Ukiisoma, mimi nipo barazani. Ukija kunisemesha nitashukuru. Ukija kunipigia kelele nitasikiliza mpaka mwisho. Ukifunga mlango wako, chai imo chupani, na alfajiri nitakubebea begi lako kama tulivyopatana, na sitalisema hili mbele ya watu wa kuaga.

Kesho njia ya uwanja wa ndege inapita mbele ya nyumba ya Daktari, ile yenye mlango wa kijani. Huwa anakaa nje mapema, akishasali, anakunywa kahawa. Ukitaka gari lisimame, mwambie dereva. Mimi nitakuwa nyuma, sitatia neno. Shangazi yako atasema tunachelewa ndege. Hatuchelewi. Kushuka, kusema shikamoo, na kurudi garini, nimekupimia, haizidi Alhamdu mbili, hata ukisoma polepole.

Nasikia gari.

Baba yako,
Khamis